Mazoezi ya nyumbani baada ya upasuaji wa nyonga: programu ya simu ipangweje kwa jajja (bibi au babu) aliye kijijini?

FizioArua

Salaam wataalamu. Swali hili ni kwa wanaowahudumia wazee wa miaka 65 na kuendelea, waliovunjika shingo ya mfupa wa paja, wakawekewa kichwa bandia au skrubu, kisha wakarudi kijijini. Mgonjwa aliyepasuliwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, au ya CoRSU, Kisubi, akarudi huku Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ana karibu kilomita 500 za basi. Nyuzi za kidonda zinatolewa baada ya wiki 2 kwenye kituo cha afya cha karibu, kliniki ni wiki ya 6. Katikati hapo hakuna mtaalamu anayemwona, na wiki hizo ndizo misuli ya paja inayeyuka na mzee anazoea kitanda.

Nataka mazoezi yasimamiwe kwa simu. Programu nilizozipitia zina kasoro zilezile: ni za Kiingereza, zinadhani kila nyumba ina choo cha kukalia, kihesabu hatua kinaandika hatua 30 kwa mzee aliyezunguka ua mara 6 na fremu ya kutembelea, na vikumbusho vinanyamaza baada ya siku mbili tatu.

Ninyi mnapangaje? Mazoezi gani yaingizwe na kwa idadi gani? Maendeleo tuyapime kwa nini kama hatua hazihesabiki? Na choo cha shimo tunakifanyaje?

---

ViungoKampala

Ndugu, usianze na programu. Anza na karatasi ya kuruhusiwa hospitali, kwa sababu kuna mambo matatu ambayo yasipoingizwa kwenye mpango, simu itamfundisha mzee kosa kwa bidii kubwa: amefanyiwa nini (kichwa bandia, nyonga nzima ya bandia, skrubu na sahani, au fimbo ya chuma ndani ya mfupa), kapasuliwa kupitia upande gani, na anaruhusiwa kuweka uzito kiasi gani kwenye mguu huo.

Programu nyingi zilitengenezwa kwa watu waliobadilishiwa nyonga kwa miadi, kwa ajili ya maumivu ya viungo. Yule alijiandaa. Mzee aliyeanguka na kuvunjika ni mtu mwingine kabisa: mara nyingi ni dhaifu zaidi, pengine alilala siku kadhaa kabla ya upasuaji, na hofu ya kuanguka tena inamfunga kuliko maumivu. Ipo kazi nzuri ya Chuo Kikuu cha Granada, Hispania, iitwayo ActiveHip+, iliyopangwa kwa wiki 12 kwa ajili ya waliovunjika nyonga. La kuiga pale ni kwamba mlezi ana mafunzo yake mwenyewe ndani ya mpango. Hakuchukuliwa kama mtu wa kushika simu tu. Kwetu hilo ndilo la kwanza, maana anayefungua simu ni mjukuu au mkwe.

Makatazo sasa. Aliyewekewa kichwa bandia kwa kupasuliwa upande wa nyuma asikunje nyonga kupita nyuzi 90 (pembe mraba), asipishanishe miguu, asigeuze vidole vya mguu kuelekea ndani. Muda ni kati ya wiki 6 na 12, kadiri daktari wake alivyoandika. Mwenye skrubu au fimbo hana kichwa bandia cha kuteguka, kwa hiyo makatazo hayo hayamhusu; ukimpa unamkaza bure na kumwongezea woga. Aliyepasuliwa kwa ubavuni, misuli inayotanua paja ilifunguliwa ikashonwa. Madaktari wengi hawataki autanue mguu kwa nguvu zake mwenyewe kwa wiki kama 6. Zoezi hilo limo karibu katika kila programu, tena siku ya kwanza. Lizime.

Wiki 2 za kwanza ningeweka haya: kuchezesha kifundo cha mguu juu na chini mara 20 kila saa akiwa macho, kukaza paja huku goti limenyooka, sekunde 5, mara 10, vipindi 3 kwa siku, kukaza makalio vivyo hivyo, kuvuta kisigino kuelekea makalio mara 10 bila kuvuka mpaka wa nyuzi 90. Weka kavera (mfuko wa plastiki) chini ya kisigino juu ya shuka, mguu utateleza bila msuguano na mzee hatakata tamaa. Kavera iondolewe kabla hajasimama. Kutembea na fremu dakika 5 mpaka 10, mara 3 au 4 kwa siku: fremu mbele, mguu uliopasuliwa, kisha mguu mzima (usio na jeraha).

Kuanzia wiki ya 3 asimame akishika meza nzito, si kiti cha plastiki. Kupanda kwa vidole, kupeleka mguu nyuma, kukunja magoti kidogo, kila kimoja mara 10, seti 2 halafu 3. Zoezi ninalolithamini kuliko yote ni kuketi na kusimama kutoka kwenye kiti: seti 2 za mara 5, akifika seti 3 za mara 10 kwa urahisi, punguza msaada wa mikono kwanza, urefu wa kiti baadaye. Hilo moja likifanywa kila siku, mzee ataenda chooni mwenyewe. Wiki ya 7 hadi 12, ikiwa kliniki imeridhia, ongeza kizuizi: mfuko wa mchanga wa nusu kilo juu ya kifundo, kisha kilo 1, na kupanda kidaraja (kingazi) cha sentimita 15. Kupanda, mguu mzima hutangulia. Kushuka, hutangulia uliopasuliwa. Hapa ndipo mipango mingi hufeli: mazoezi yanabaki ya kitandani mpaka mwezi wa tatu, misuli haipati mzigo, halafu tunasema umri ndio umemshinda.

Maumivu: kwa kipimo cha 0 hadi 10, wakati wa zoezi yasipite 4 au 5, na asubuhi yake yawe yamerudi pale yalipokuwa. Yasiporudi, punguza idadi nusu kwa siku 2. Usifute zoezi.

---

SeremalaTiba_Jinja

Kuhusu choo nijibu mimi, maana ndiyo kazi yangu. Kuchuchumaa kwenye choo cha shimo kunavuka nyuzi 90 kwa mbali, na kuinuka pale kunamtaka mzee ajisukume kwa mguu mbovu huku amegeuka. Ni mahali pabaya kuliko pote nyumbani.

Tengeneza kiti cha mbao cha miguu minne chenye tundu. Urefu: mzee avae viatu vyake vya kawaida, pima kutoka chini hadi mkunjo wa nyuma ya goti, ongeza sentimita 5. Kwa wengi inaangukia kati ya 45 na 50. Akiketi, nyonga lazima iwe juu ya goti. Mikono ya kiti iwe sentimita 20 hadi 25 juu ya kikalio na isogee mbele mpaka usawa wa ukingo wa kiti, kwa sababu anajisukuma akiwa ameinamia mbele kidogo. Mikono mifupi humfanya avute mlango. Miguu ya kiti itanuke chini kuliko juu, na kila mguu uvishwe kipande cha mpira wa tairi. Sakafu ya saruji yenye maji ikikutana na mbao tupu, kiti kinakimbia. Usiku kiti hichohicho kiwe kando ya kitanda na ndoo yenye mfuniko chini yake.

Kitanda nacho kiwe na urefu huohuo. Godoro lililo chini inueni kwa matofali na mbao, si kwa kurundika magodoro mawili, yanazama katikati. Na kiti cha sebuleni kilicholegea, kile ambacho mgeni anazama ndani, mzee asikikalie kabisa.

---

DataNaSimu_Busia

Kihesabu hatua kwanza. Simu haioni miguu, inahisi mtikisiko. Ndani kuna kihisio kinachosubiri mdundo wa kisigino unaorudiwa kwa mpangilio. Mzee mwenye fremu anatembea chini ya nusu mita kwa sekunde, anaburuta, anasimama kila hatua ya tatu. Mdundo haufiki kiwango, programu inauchuja kama kelele. Simu ikiwa mfukoni mwa koti au imefungwa kwenye busuti (gomesi, vazi refu la wanawake) ndiyo basi. Ukiifunga kwa kitambaa juu ya kifundo cha mguu mzima utapata zaidi, lakini siyo namba ya kuandikia ripoti. Achana nayo miezi 2 ya mwanzo, hesabu mizunguko ya ua.

Zile zinazotumia kamera kutazama viungo zina shida nyingine. Zinakisia nyonga iko wapi kutokana na umbo la mwili. Gomesi inaficha nyonga na magoti yote mawili, na chumba chenye dirisha dogo hakina mwanga wa kutosha. Matokeo yake inasema zoezi limekosewa wakati liko sawa, mzee anaacha.

Vikumbusho kunyamaza: Android ina tabia ya kulaza programu isiyofunguliwa, na simu za bei nafuu zilizojaa huku kwetu huongeza kidhibiti chao cha betri juu yake. Ingia kwenye mipangilio, programu, chagua ile unayotumia, betri, weka isiwe na vikwazo. Kisha fungua ile programu ya kusafisha simu iliyowekwa na mtengenezaji na uiruhusu programu ya mazoezi ijiwashe yenyewe. Izime simu, iwashe, uone kama kikumbusho kinalia. Bila jaribio hilo hujamaliza kazi. Hata hivyo kengele ya saa ya kawaida ndiyo imara kuliko vikumbusho vya programu yoyote. Weka 4 kwa siku, kila moja na mlio wake.

Hapo kuna mtego ambao programu za nje haziujui. Ukimwambia mlezi "saa 3 asubuhi", ataandika 3:00. Italia saa 9 usiku, nyumba nzima itaamka, kesho yake kengele itazimwa zote. Iwekeni pamoja, simu ikiwa mkononi mwake, na umwonyeshe 9:00 kwenye kioo. Vivyo hivyo kwa muda wa dawa.

Video zirekodini wenyewe. Mtu mwenye umri wa mgonjwa, kiti cha kwetu, sekunde 40 kila zoezi, ubora wa 480. Kumi zote hazizidi megabaiti 50 hivi. Mpe hospitalini kwa kuhamisha simu kwa simu, asitumie data kabisa. Maelezo yawe kwa sauti, Kilugbara, Luganda, Kinubi au Kiswahili cha hapo kwao, maana video ya kimya yenye maandishi haimsaidii asiyeona karibu. Ujumbe wa sauti wa dakika moja haufiki robo megabaiti, kwa hiyo ripoti za kila siku zije kwa sauti. Jajja wa miaka 80 anayepokea shilingi 25,000 kwa mwezi za SAGE, mpango wa serikali wa posho ya wazee, asitakiwe kununua bando ili afanye mazoezi.

---

SisterMbale

Nashukuru kwa michango. Naongeza upande wa hatari, kwa sababu hapa ndipo simu inaweza kuua mtu kwa kumpa nyumba utulivu wa uongo.

Maswali ya kila siku yasizidi 5, yote ya ndiyo au hapana, na yaulizwe kwa maneno ya nyumbani. Shavu la mguu limevimba au linauma likibonyezwa, hasa upande mmoja? Anahema kwa shida au kifua kinamchoma? Kidonda kinatoa usaha au maji, au ana homa? Mguu umekuwa mfupi ghafla au umegeuka, na hawezi kuukanyaga? Amechanganyikiwa kuliko jana?

Ndiyo kwa swali la kifua au la mguu kufupika haiendi kwenye programu wala kwenye WhatsApp. Inakwenda kwa usafiri, saa ileile. Damu iliyoganda kwenye mguu huweza kusafiri hadi mapafuni, na hapo tunahesabu dakika. Mguu uliogeuka ni dalili ya nyonga kuteguka: asivutwe wala asikandwe, alazwe chali, mto katikati ya mapaja, abebwe kwa gari. Boda boda hapana, siku hiyo na wiki zote za makatazo, kwa sababu kupanda kunataka kutanua na kukunja nyonga kwa pamoja. Namba ya gari la mtaani iandikwe ukutani kabla mgonjwa hajafika nyumbani, na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) aijue nyumba hiyo.

Dawa ya kuzuia damu kuganda, iwe sindano au kidonge, mara nyingi huandikwa kwa takriban wiki 4 hadi 5. Familia nyingi huiacha mara nyuzi za kidonda zikitolewa, wakidhani matibabu yamekwisha. Weka tarehe ya mwisho ndani ya simu, na mlezi aitamke kwa sauti siku ya kuruhusiwa.

Picha ya kidonda: mchana karibu na mlango, umbali wa viganja viwili, sarafu ya shilingi 500 kando bila kugusa ngozi ili ukubwa ulinganishwe siku hadi siku. Itumwe kwa mtu mmoja. Nimekuwa nikisihi wenzangu kila mara: picha ya paja la mama wa watu yenye jina lake haiwekwi kwenye kundi. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data maalumu, na ridhaa inaombwa kwa mgonjwa mwenyewe. Mtoto anayelipia bando hana mamlaka ya kuitoa ridhaa hiyo wakati mzee ana akili timamu.

Na kabla ya kumpa mtu mpango wowote, uliza: nani anasoma majibu, saa ngapi, na akiwa likizo nani anashika? Kama hakuna jina, usiwape fomu ya kujaza. Afadhali muuguzi apige simu ya kawaida Jumatatu na Alhamisi, dakika 7. Simu ya tochi (ya vitufe) inatosha kwa hilo.

---

FizioArua

Asanteni sana, dada na kaka zangu. Mawili yamebaki. Kwanza, katika nyumba nyingi simu yenye kioo ni moja, ni ya kijana, na inaondoka naye saa 1 asubuhi mpaka jioni. Pili, ViungoKampala, hujajibu kuhusu kipimo.

---

ViungoKampala

Kweli, nilikiruka. Viwili vinatosha, na vyote vinataka saa tu.

Cha kwanza: mzee ameketi kwenye kiti chenye mikono, alama iko mita 3 mbele yake. Ukisema "nenda" anza kuhesabu. Anasimama, anatembea mpaka alama, anageuka, anarudi, anaketi. Andika sekunde na kifaa alichoshika. Kwa wazee wa kawaida, kupita sekunde 13.5 hutajwa kuwa ishara ya hatari ya kuanguka, lakini mgonjwa wetu wa wiki ya 3 akipata 13.5 ni wa kushangiliwa. Kwa waliovunjika nyonga, watafiti wa Denmark walipata kwamba waliotumia sekunde 24 au zaidi wakati wa kuruhusiwa ndio waliokuwa na hatari kubwa ya kuanguka miezi 6 iliyofuata. Tumia 24 kama mstari wako: aliye juu yake asiachwe atembee bila mtu kando.

Cha pili: amesimama na kuketi mara ngapi katika sekunde 30, kiti cha sentimita 43, mikono kifuani. Mwenye makatazo ya nyuzi 90 apimwe kwenye kiti chake kirefu mpaka kliniki imfungulie. Wengi mwanzoni hawawezi bila mikono. Kirasmi hiyo ni sifuri, ila kwako andika "4 kwa mikono" ili mabadiliko yaonekane. Mwanamke wa miaka 70 hadi 74 asiyefika 10 bila mikono bado yuko chini ya wastani wa rika lake, kwa hiyo hapo mpe lengo.

Pima mara moja kwa wiki, Jumamosi, kiti kilekile, viatu vilevile, saa ileile. Kiti kikibadilika kwa sentimita 5 matokeo hayalinganishiki, na hilo ndilo kosa ninaloliona zaidi kwenye namba zinazotumwa. Viatu viwe vya kufunga nyuma. Kandambili zinavutwa na mguu wa fremu. Gomesi nayo ipandishwe na kufungwa juu ya kifundo kabla hajasimama.

Kwa wanaosujudu: swala iwe kwenye kiti mpaka makatazo yaishe, na kuinama kuwe kwa kichwa na mabega kidogo tu. Wekeni hilo kwenye sauti ya mafunzo, litamkwe wazi. Msipolitaja, mzee ataona haya kuuliza na atajaribu mkekani peke yake.

---

DataNaSimu_Busia

Simu ya kijana: usipange mazoezi yaifuate. Panga jedwali ukutani, karatasi ngumu, safu 7 za siku, mistari 4 ya vipindi, na michoro badala ya maneno. Mzee au mjukuu anachora alama ya mkaa au kalamu kila kipindi kinapokwisha. Saa ya kukumbusha iwe ya redio: kipindi cha kwanza baada ya taarifa ya habari ya asubuhi, na kadhalika. Kijana akirudi saa 1 usiku anapiga picha moja ya jedwali na kutuma pamoja na sauti ya majibu ya yale maswali 5. Video za zoezi jipya zitazamwe usiku huohuo, mzee na mlezi wa mchana wakiwa pamoja, kisha mlezi alirudie mbele ya kijana.

Dalili za hatari hazingojei simu ya jioni. Hapo ndipo ile namba ya gari aliyoisema Sista, ukutani, chini ya jedwali, kwa maandishi makubwa, na simu ya tochi ya jirani iliyokubaliwa mapema ikiwa na salio la dakika chache. Chaji yake ikaguliwe kila jioni wakati picha inapigwa.